Longstreet aliinamisha kichwa tu: jibu kwa afisa mstaafu aliyesimama Gettysburg

*"Mwaka jana nilikwenda Marekani kumtembelea binti yangu anayeishi Maryland. Akatupeleka Gettysburg, mimi na mjukuu wangu. Tulisimama kwenye ule uwanja ambao askari wa Kusini waliuvuka wakielekea kwenye mizinga. Mjukuu akasoma kwenye simu kwamba Jenerali Longstreet alijua shambulio litashindwa, na bado akaliruhusu. Akaniuliza: 'Babu, wewe ulikuwa afisa. Kama alijua, mbona hakukataa?' Nimetumikia jeshi miaka ishirini na sita na sikuwa na jibu. Je, alikuwa mwoga wa kumwambia mkubwa wake ukweli? Au alimsaliti, kama wengine wanavyoandika? Na afisa mwenye shaka afanye nini? Naomba jibu lisilo la haraka, maana mimi mwenyewe niliwahi kupokea amri niliyoitilia shaka, nikaitekeleza."*

Shikamoo, mzee wangu. Naona hapa maswali mawili, la Longstreet na la kwako. Nitaanza na la Longstreet, kwa sababu limefunikwa na maneno mengi ya uongo, na bila kuyaondoa hatutafika kwenye lile la pili.

Kwa faida ya wasomaji wengine: Gettysburg ni mji mdogo katika jimbo la Pennsylvania. Tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Kusini la Jenerali Robert E. Lee, watu 70,000 na zaidi, lilipambana hapo na jeshi la Kaskazini la Jenerali George Meade, watu wapatao 90,000. Siku tatu zilipokwisha, zaidi ya watu 45,000 wa pande zote mbili walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa, wametekwa au hawajulikani walipo. James Longstreet alikuwa luteni jenerali, msaidizi mkubwa wa Lee kuliko wote, na ndiye aliyepewa jukumu la lile shambulio la alasiri ya tarehe 3 ambalo watu huliita shambulio la Pickett, kwa jina la Jenerali George Pickett, mmoja wa makamanda wa divisheni zake.

Tuanze na neno "msaliti". Shutuma hiyo haikuzaliwa Gettysburg. Vita vilipokwisha, Longstreet alijiunga na chama cha Republican, akamuunga mkono Ulysses Grant, rafiki yake wa zamani aliyekuwa jemadari wa Kaskazini, akapewa na kazi ya serikali. Wenzake wa Kusini hawakumsamehe. Lee alifariki mwaka 1870. Mwaka 1872 Jubal Early, na mwaka uliofuata William Pendleton, wote majenerali wa zamani wa Lee, walisimama hadharani wakadai kwamba Lee alimwamuru Longstreet ashambulie alfajiri ya tarehe 2 Julai, naye akachelewesha kwa makusudi. Walisema hayo Lee akiwa kaburini, hawezi kukana wala kukubali. Maafisa wanadhimu wa Lee walipoulizwa, walijibu kwamba hawakuijua amri hiyo. Na alfajiri yenyewe Lee alikuwa bado anamtuma Kapteni Samuel Johnston akapeleleze adui ameishia wapi upande wa kushoto. Huwezi kuamuru shambulio la alfajiri mahali ambapo alfajiri hiyohiyo bado unatuma mtu akapaangalie. Longstreet aliangushiwa jumba bovu.

Lakini sitaki kumsafisha kupita kiasi. Siku ile ya pili alikwenda kwa uzito. Aliomba asubiri brigedi ya Law iliyokuwa bado njiani, na Lee akakubali. Kisha safu yake ikalazimika kugeuza njia ili isionekane na wapiga ishara wa adui waliokuwa kilimani. Mpaka kushambulia, ilishatimu kama saa kumi jioni. Moxley Sorrel, mnadhimu wake aliyempenda na kumheshimu, aliandika baadaye kwamba siku hiyo mkubwa wake hakuwa na ule moto wake wa kawaida. Wewe unazijua siku za namna hiyo: amri inatekelezwa, ila mwili wa afisa unasema ambacho mdomo wake hausemi.

Sasa neno "alijua". Hilo ndilo linalomtesa mjukuu wako, na si sahihi. Longstreet alitilia shaka. Kujua ni kitu kingine. Ile kauli maarufu kwamba hakuna watu elfu kumi na tano duniani wanaoweza kuiteka nafasi ile imetoka kwenye maandishi yake mwenyewe ya miaka mingi baadaye, matokeo yakiwa yameshajulikana na yeye akiwa anajitetea. Maji yakishamwagika kila mtu huwa aliona mtungi umeinama. Simwiti mwongo. Nasema tu kwamba ukitaka kuipima shaka ya afisa, tafuta alichoandika kabla matokeo hayajajulikana. Bahati nzuri, ya Longstreet tunayo. Nitaifikia.

Kwanza tuangalie jinsi amri zilivyosafiri katika jeshi lile, maana mzizi wa yote uko hapo. Lee alikuwa na tabia ya kutaja lengo na kumwachia aliye chini yake namna ya kulitimiza. Kwa Stonewall Jackson, jenerali wake mwingine mkubwa, hilo lilikwenda vizuri, kwa sababu wale wawili walifikiri kama kichwa kimoja. Lakini Jackson alipigwa risasi gizani na watu wake mwenyewe kwenye vita vya Chancellorsville, Virginia, akafa tarehe 10 Mei 1863. Lee akaligawa upya jeshi: badala ya kori mbili (kori ni kundi la divisheni kadhaa) zikawa tatu, na mbili kati ya hizo zilipata makamanda wapya, Richard Ewell na A. P. Hill. Kabla ya miezi miwili kwisha, wakawa Gettysburg.

Jioni ya siku ya kwanza, watu wa Kaskazini walikuwa wamesukumwa katikati ya mji hadi kwenye kilima cha makaburi. Lee alimpelekea Ewell maagizo: akitwae kilima kile kama ataona inawezekana, lakini aepuke kuingia kwenye vita kamili mpaka divisheni nyingine ziwasili. Hebu isome amri hiyo kama afisa, mzee wangu. Nusu ya kwanza inasema nenda, nusu ya pili inasema usiende. Ewell, mtu aliyepoteza mguu vitani mwaka mmoja kabla na sasa anapanda farasi na mguu wa mti, alitazama alichonacho: divisheni ya Rodes imechoka na kupoteza watu wengi, ya Johnson haijafika, Hill hana msaada wa kutoa, na kuna taarifa kwamba adui anaonekana nyuma kwenye barabara ya York, ikabidi brigedi mbili ziende kuikagua. Akaamua haiwezekani. Kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini amesimangwa kwamba Jackson angekitwaa. Wanaosema hivyo husahau kwamba Oliver Howard wa Kaskazini alikuwa ameshaweka akiba kilimani, na askari na mizinga. Mimi Ewell simlaumu. Aliulizwa kama inawezekana, naye akajibu. Amri yenye "ikiwezekana" ndani yake inamhamishia aliye chini uamuzi pamoja na lawama yake.

Sasa twende tarehe 3.

Mpango ulikuwa kuipiga kwa mizinga katikati ya mstari wa Kaskazini, kisha askari wa miguu wapatao 12,500 wavuke uwanja wa zaidi ya kilomita moja. Aliyesimamia mizinga ya Longstreet kwa kazi hiyo alikuwa Kanali Edward Porter Alexander, kijana wa miaka 28. Kabla mizinga haijaanza, alipokea kijibarua kutoka kwa Longstreet. Kilisema, kwa maneno yangu: kama mizinga haitamfukuza adui au kumvunja moyo kiasi cha kutupa uhakika wa kufaulu, ningependelea usimshauri Jenerali Pickett ashambulie, nategemea sana busara yako, na natarajia umjulishe Pickett wakati utakapofika.

Alexander akashtuka. Alielewa mara moja kwamba luteni jenerali ameutua mzigo wa uamuzi mabegani mwa kanali. Jibu lake ndiyo karatasi ninayoiheshimu kuliko zote za vita ile. Aliandika kwamba ataweza kupima matokeo kwa kuangalia tu jinsi adui anavyojibu mapigo, kwa sababu askari wao hawaonekani vizuri na moshi utafunika uwanja. Akaongeza kwamba kama kuna njia nyingine yoyote badala ya shambulio hili, ifikiriwe vizuri kabla ya kufyatua bomu la kwanza, kwa kuwa jaribio hili litamaliza baruti yote iliyobaki. Na hata likifaulu, gharama yake itakuwa damu nyingi mno.

Huyo ni kijana wa miaka 28 akimrudishia mkubwa wake swali mahali panapostahili, kwa adabu na kwa maandishi. Longstreet akajibu kwa kijibarua cha pili kilichosema karibu yaleyale: nia ni kuwapeleka askari mizinga ikifanya kazi yake, wakati huo ukifika, mjulishe Pickett. Alexander akageuka kumuuliza Brigedia Jenerali Ambrose Wright, ambaye brigedi yake ilikaribia mwinuko uleule jana yake. Wright akamwambia kwamba kufika kule si kazi kubwa, jana alikaribia kufika. Shida ni kubaki.

Mizinga ikaanza saa saba mchana. Moshi ukafunika uwanja kama alivyotabiri. Muda ukapita, baruti ikapungua. Akamwandikia Pickett kwamba kama unakuja, njoo sasa, ingawa adui bado anafyatua. Kisha akaona mizinga ya adui ikipunguza mapigo, mingine ikiondolewa. Akaandika tena: kwa ajili ya Mungu njoo haraka, ile mizinga kumi na minane imeondoka.

Hapa moyo wangu huuma kila ninaposimulia. Upande wa pili, mkuu wa mizinga ya Kaskazini, Henry Hunt, alikuwa amewaamuru watu wake wanyamaze ili watunze baruti na wamvute adui atoke. Kipimo pekee alichokuwa nacho Alexander kilikuwa mikononi mwa adui.

Pickett alichukua kijibarua, akaenda kwa Longstreet, akauliza: Jenerali, nisonge mbele? Longstreet hakusema neno. Aliinamisha kichwa. Kisha akapanda farasi hadi kwa Alexander, akaambiwa baruti imekaribia kwisha. Akasema Pickett asimamishwe mpaka baruti iongezwe. Alexander akaeleza kwamba ya kuongeza ni kidogo, na kusubiri kutampa adui nafasi ya kujipanga upya. Hapo Longstreet akasema maneno ambayo Alexander aliyahifadhi: hataki kufanya shambulio hili, haoni litafaulu vipi, na asingelifanya kama si Jenerali Lee kuliamuru. Wakiwa bado wanazungumza, askari wakatoka msituni wakiwa wamepanga safu.

Karibu nusu ya wale waliovuka waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Kati ya makamanda watatu wa brigedi za Pickett, Garnett alikufa uwanjani, Armistead alijeruhiwa akafa siku mbili baadaye, Kemper aliokolewa na majeraha mabaya.

Sasa nikujibu: mwoga? Hapana. Mtu aliyemwambia Lee mara kadhaa kwamba wazunguke upande wa kushoto wa adui, wakae mahali pazuri na wamwache Meade ndiye ashambulie, si mwoga wa kusema ukweli. Alisema. Akakataliwa. Kosa lake naliona mahali padogo zaidi, na ndiyo maana halionekani kirahisi. Taarifa mpya ilipomfikia, kwamba baruti imekaribia kwisha, alimweleza shaka yake kanali aliye chini yake, asiye na uwezo wa kufuta shambulio. Lee alikuwa kwenye uwanja uleule. Shaka ya jana Lee alikuwa ameshaikataa. Habari ya baruti ilikuwa mpya, nayo ilistahili kumfikia kabla askari hawajatoka. Longstreet alikuwa ameshachoka kukataliwa. Namwelewa. Bado nadhani alipaswa kwenda, au kutuma mtu.

Na usisahau kwamba jana yake naye alifanyiwa hivyo hivyo, akafanya hivyo hivyo. John Bell Hood, kamanda wa divisheni, alimtumia ujumbe zaidi ya mara moja akiomba azunguke kilima badala ya kuingia kwenye mawe ya mbele. Kila mara Longstreet alirudisha jibu moja: amri ya Jenerali Lee ni kushambulia kwa barabara ya Emmitsburg. Alilolilia kwa Lee ndilo alilomnyima Hood.

Je, angekataa kabisa? Lee angempa mtu mwingine, na zaidi ya nusu ya wale waliovuka walikuwa wa kori ya Hill, si wake. Askari wangevuka tu, tena chini ya kamanda mgeni. Na kila afisa wa jeshi lile alijua bei ya kutumia akili yako dhidi ya amri. Garnett niliyemtaja, Machi 1862 kule Kernstown, aliwaondoa watu wake waliokuwa wameishiwa risasi bila kusubiri ruhusa. Jackson akamkamata na kumshtaki. Kesi haikuwahi kumalizika, doa likabaki. Tarehe 3 Julai alikuwa mgonjwa, akavuka uwanja ule juu ya farasi, mahali ambapo mpanda farasi ni shabaha ya kwanza.

Upande wa Kaskazini nao walikuwa na shaka zao. Daniel Sickles aliisogeza kori yake mbele bila ruhusa, kwa kuwa hakuipenda nafasi aliyopewa na alikumbuka Chancellorsville alipoamriwa kuachia mahali pa juu adui akapachukua. Aliacha pengo kubwa, watu wake wakasagwa, yeye akapoteza mguu. Saa hizohizo Kanali Strong Vincent, miaka 26, alimsimamisha tarishi aliyekuwa akimtafuta mkubwa wake, akauliza amri ni nini, akasema atabeba mwenyewe dhamana, akaipeleka brigedi yake Little Round Top na kukiokoa kilima. Alijeruhiwa hapo, akafa siku chache baadaye. Wote wawili walitenda bila ruhusa ya wakubwa wao. Vincent alikwenda kuziba pengo ambalo wakuu wake walikuwa wanataka lizibwe; Sickles alifungua pengo ambalo hakuna aliyemwomba.

Usiku wa tarehe 2, Meade, aliyekuwa na siku chache tu kazini tangu akabidhiwe jeshi tarehe 28 Juni, aliwakusanya majenerali wake kwenye chumba kidogo cha nyumba ya mjane Lydia Leister. Maswali yakaandikwa: tubaki au turudi nyuma, tushambulie au tusubiri, na kwa muda gani. John Gibbon, mdogo kuliko wote kwa cheo, ndiye aliyeanza kujibu, ili wadogo wasijifiche nyuma ya maneno ya wakubwa. Wakakubaliana kubaki. Naipenda sana picha hiyo, ila nisikupe nusu ya habari: tarehe 12 Julai Meade aliitisha baraza kama lilelile wakati Lee amekwama kwenye mto Potomac uliofurika, wengi wakapinga kushambulia, na usiku wa kuamkia tarehe 14 Lee akavuka salama. Rais Lincoln alimwandikia Meade barua ya uchungu, kisha hakuituma.

Lee mwenyewe hakutupia mtu mpira. Aliwapokea waliorudi akiwaambia kwamba kosa ni lake. Afisa wa Uingereza aliyekuwapo, Arthur Fremantle, aliyasikia. Tarehe 8 Agosti Lee alimwandikia Rais wa Kusini Jefferson Davis kuomba kujiuzulu. Akakataliwa.

Sasa kwako, mzee wangu. Tofautisha amri mbili. Iko amri usiyoamini kwamba itafaulu, na iko amri isiyo halali: kuua mateka, kupiga raia. Ya pili hukataliwa, na "niliamriwa" si kinga. Ya kwanza, afisa huieleza shaka yake wazi kwa mwenye uwezo wa kuibadilisha, mapema, ikiwezekana kwa maandishi kama Alexander, huirudia hali ikibadilika, kisha huitekeleza kwa nguvu zote au huomba aondolewe. Hujasema ya kwako ilikuwa ipi, wala sikuulizi hapa. Kama ina swali la kisheria, kaa na mwanasheria unayemwamini. Na kama ile amri inakuamsha usiku, ikiwa sauti au harufu fulani inakurudisha pale, au umeanza kukwepa kuzungumza na watu wa nyumbani, usijitibu kwa vitabu vya historia. Nenda hospitali ya rufaa uonane na daktari wa afya ya akili au mshauri nasaha, uso kwa uso. Wastaafu wenzako waliokuwa nawe siku ile nao wanaweza kuwa wanasubiri mtu aanze kuzungumza.

Mjukuu mpe vile vijibarua vya tarehe 3 Julai asome mwenyewe. Vinapatikana, ni vifupi. Mkirudi Gettysburg, kodini mwongoza wageni mwenye leseni. Utaratibu huo upo tangu 1915 na hawa watu wanajua kila jiwe. Mwombeni awapeleke kwanza ilipokuwa mizinga ya Alexander, kisha mvuke uwanja kwa miguu mpaka juu. Upande wa kulia wa kile kichaka cha miti cha kumbukumbu, kwa anayetazama magharibi walikotoka askari wa Kusini, kuna nyumba ndogo nyeupe ya mbao. Ilikuwa ya Abraham Brian, mkulima mweusi aliyekuwa mtu huru. Siku ya vita hakuwapo. Alikuwa ameikimbiza familia yake, kwa sababu jeshi la Lee katika safari ile liliwakamata watu weusi wa Pennsylvania na kuwapeleka Kusini utumwani. Baadhi ya wale 12,500 walikuwa wanaelekea kwenye shamba lake.